Usinunue Sensa Kabla Hujapima

Mazungumzo na madereva, wenye magari na vijana wa gereji, Mwanga, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa usukani, shikamooni. Kina mama wenye magari yenu, na leo mko wengi kuliko nilivyotegemea, habari za asubuhi. Vijana wa gereji, mambo vipi. Na kwa wenyeji wote wa hapa: mwakeye!

Nimeombwa nizungumzie sensa ya oksijeni, na sababu yake naijua. Mjini kumeenea maneno kwamba ukiibadilisha tu hiyo sensa, gari linaacha kunywa mafuta. Pale getini kijana mmoja ameniuliza kama ni kweli kwamba IST ikifungwa sensa mpya inakwenda Kasulu na kurudi kwa lita tano. Nikamwambia tupige hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 180 hivi. Ukigawa kwa tano unapata kilomita 36 kwa lita moja. Mdogo wangu, hiyo siyo IST tena, hiyo ni bodaboda.

Lakini sikuja kuwacheka wanaosema hivyo, maana ndani ya maneno yao kuna ukweli. Sensa iliyokufa inakutoa fedha kila siku unapowasha gari, na ukiweka mpya fedha hiyo inarudi, wakati mwingine ndani ya mwezi. Sensa iliyo nzima ukiitoa na kuweka nyingine, huokoi hata kijiko cha petroli. Halafu kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo imejaa kwenye gereji zetu: sensa ni nzima, inaripoti ugonjwa ulioko mahali pengine, sisi tunaitupa sensa na ugonjwa tunauacha palepale. Sensa ni shahidi. Akisema kweli, kumfukuza mahakamani hakumalizi kesi. Ninachoomba leo ni kimoja tu: tupime kwanza, ndipo tununue.

Kwetu Kigoma jambo hili lina uzito wake. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila mji una bei yake, kwa sababu ndani ya bei hiyo kuna gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa lori linatembea zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo lita inayopotelea kwenye ekzosi hapa Mwanga ni ghali kuliko lita ileile inayopotelea Mbagala. Spea nazo ni hivyohivyo. Sensa uliyoagiza Kariakoo inapanda basi, na ikifika siyo yenyewe, utamrudishia nani?

Sasa tuingie kwenye injini. Kilo moja ya petroli, ili iungue yote bila kubaki mafuta wala hewa, inataka kilo 14.7 za hewa. Kilo za hewa ni ngumu kuzipata picha, basi niseme hivi: lita moja ya petroli inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kazi ya kompyuta ya gari ni kupima hewa inayoingia, kisha kuamuru nozeli zimwage mafuta yanayolingana nayo. Hayo ni makadirio, na makadirio hukosea. Nozeli zimechakaa, presha ya pampu imeshuka, au umetoka ziwani, takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, unapandisha milima kuelekea Kasulu ambako hewa ni nyepesi zaidi. Ndiyo maana pakawekwa mkaguzi kwenye njia ya moshi, na huyo ndiye sensa ya oksijeni.

Mkaguzi huyo ni kipande cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu, chenye umbo la kidole kifupi kilicho wazi ndani. Nje yake inapitwa na moshi, ndani yake imejaa hewa ya kawaida. Kikipata joto la kutosha, nyuzi 300 na kitu, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme mdogo. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani mafuta yamezidi, kinatoa karibu volti 0.9. Oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi, yaani mafuta yamepungua, kinashuka hadi karibu 0.1. Katikati, kwenye 0.45, ndiyo mpaka. Kompyuta ikiona imepanda inapunguza mafuta, ikiona imeshuka inaongeza. Panda shuka, panda shuka, safari nzima. Kwa Toyota za zamani, kitabu cha fundi kinataka ipande na kushuka si chini ya mara 8 ndani ya sekunde 10, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikizubaa chini ya hapo, imechoka.

Walioileta ni Wajerumani wa Bosch, na gari la kwanza kuuzwa nayo ni Volvo, mwaka 1976, kwa soko la Marekani. Naomba hili mlishike, kwa sababu wengi hawalijui: haikuletwa ili kuokoa mafuta. Ililetwa kwa ajili ya masega. Yale masega yaliyomo kwenye ekzosi yanasafisha moshi vizuri pale tu mchanganyiko unapokaa kwenye hiyo 14.7, na bila mkaguzi hauwezi kukaa hapo. Mtu aliyetaka kubana mafuta peke yake angeongeza hewa kidogo kupita hapo. Kwa hiyo anayekuuzia sensa kama dawa ya kupunguza mafuta anakuuzia kazi ambayo haimo ndani yake. Sensa nzima inalirudisha gari kwenye ulaji liliotoka nao kiwandani. Chini ya hapo haliendi.

Magari mengi mliyokuja nayo leo yana sensa mbili au zaidi. Moja iko kabla ya masega, karibu na injini, nyingine iko baada ya masega. Injini za V6 zina pande mbili, na kila upande una zake. Ya mbele ndiyo inayoamua mafuta. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanafanya kazi, na mchango wake kwenye mafuta ni mdogo mno. Mashine ya kupima gari ikikusomea kodi, yaani namba ya hitilafu, P0141, hiyo ni hita, kile kipasha joto kilichomo ndani ya sensa, ya sensa ya nyuma. Irekebishe, taa izime, ila usitegemee mfuko wako utasikia tofauti. P0135 ni hita ya ile ya mbele. Hiyo inakuhusu. Nataja hili kwa sababu nimeshaona mara nyingi fundi akibadilisha ya nyuma ilhali mgonjwa ni ya mbele, kwa vile tu ya nyuma inafikika. Anaingia chini ya gari, anaiona iko wazi kwenye bomba, anaifungua. Ya mbele imejificha nyuma ya bati la kuzuia joto, boliti zina kutu, nani ajisumbue?

Naomba kijana mmoja apite hapa mbele. Njoo wewe mwenye ovaroli ya bluu. Mezani nina sensa mbili za Denso zilizotoka kwenye Toyota, zote za waya nne. Waya mbili nyeusi ni za hita, wa bluu ni wa taarifa, mweupe ni wa ethi. Za Bosch na NTK rangi zake ni nyingine: hita ni nyeupe mbili, taarifa ni mweusi, ethi ni wa kijivu. Yaandikeni haya, maana anayeyachanganya anaunguza sensa ya mtu.

Weka multimita kwenye omu, gusa zile nyeusi mbili. Soma kwa sauti wazee wasikie. Kumi na tatu. Safi. Kwa Toyota nyingi za kipindi hiki tunategemea 11 hadi 16 sensa ikiwa ya baridi. Sasa gusa ya pili. Haisomi kitu? Rudia. Bado. Basi hita imekatika. Sensa hiyo bado ingeweza kunusa, lakini inasubiri ipashwe na moshi peke yake. Kwa teksi ya hapa mjini, Mwanga hadi Kibirizi, unazima, unasubiri abiria, unawasha, unarudi, sensa inashinda baridi. Ikiwa baridi kompyuta haiisikilizi. Inamwaga mafuta kwa makadirio, na makadirio hayo huegemea upande wa kuzidisha, maana waliolitengeneza gari wanaona heri linywe kidogo zaidi kuliko lizime barabarani.

Tuendelee. Multimita kwenye volti sasa, bluu na nyeupe. Ile ya kwanza nimeibana kwenye vaisi, nawasha tochi ya gesi. Ncha inaanza kuiva. Soma. Sifuri nukta mbili. Nukta sita. Nukta nane. Naondoa moto. Nukta tatu, nukta moja. Narudisha moto, nukta nane. Mmeona inavyoruka? Hii ni nzima kabisa, ingawa ina masizi meusi ambayo yangemfanya muuza spea aseme imekufa hii mzee, nikupe mpya. Masizi yanasema gari lilikuwa linazidisha mafuta. Hayasemi sensa imekufa.

Haya, tubane ya pili. Moto. Nukta tatu. Tusubiri. Nukta tatu bado. Naondoa moto, haitaki hata kushuka. Sasa nyoosha mkono uwaonyeshe ncha yake, usiiguse, ina moto. Kuna unga mweupe. Weupe huo unatokana na silikoni, au na maji ya rejeta yenye kemikali yaliyopenya kwenye chumba cha moto kwa gasketi iliyokufa. Hii ni silikoni. Mtu alipaka kwenye injini ile silikoni ya kuzibia mabomba na madirisha, mvuke wake ukavutwa na injini, ukaungua, ukageuka mchanga laini uliofunika platinamu yote. Kwenye injini tumieni ile iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, bei yake haipishani sana. Oili nayo inaua, gari likiwa linakula oili. Risasi ndani ya petroli ndiyo ilikuwa muuaji mkubwa zamani, lakini Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Tahadhari moja kuhusu jaribio hili la moto. Linafaa kwa sensa za kawaida tu. Toyota nyingi za baadaye mbele zina aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Kwa macho zinafanana, hata uzi wa kufungia ni uleule, ila haitoi hizi volti 0.1 na 0.9, na hita yake inasoma omu chache zaidi. Ukifunga ya aina moja mahali pa nyingine gari litawaka na kutembea, kisha litakusumbua mpaka uchukie magari. Namba iliyoandikwa kwenye mwili wa sensa ya zamani ndiyo uipeleke dukani. Usimwambie muuzaji nipe ya Noah. Noah ziko za aina nyingi.

Asante kijana, kaa.

Je, zinakufa lini kwa umri tu? Zile za zamani zisizo na hita, za waya mmoja au mbili, hukadiriwa kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita hufika 100,000 hadi 160,000. Sasa jiulize gari lako liliposhuka bandarini kutoka Japani lilikuwa limetembea ngapi. Mengi tunayapokea yakiwa yamevuka laki, na hapo tunaziamini dashibodi.

Tuzungumze fedha, maana naona mzee wangu pale mbele ameshaanza kuangalia saa. Serikali ya Marekani, katika ushauri wake kwa wenye magari, imeandika kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kufika asilimia 40. Wauza spea wameikamata hiyo arobaini kweli kweli. Hicho ni kilele, wazee, kwa gari lililoharibika vibaya. Ushauri huohuo unasema kwa gari lililokosa tu matengenezo ya kawaida, ukilirekebisha unapata wastani wa asilimia 4. Gari lenye sensa ya mbele iliyochoka kweli huwa katikati ya namba hizo mbili, na mtu akiniahidi arobaini mimi nashika pochi yangu.

Hata hivyo, katikati hapo siyo padogo. Chukua teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, iliyokuwa inakwenda kilomita 12 kwa lita, sasa inakwenda 9. Kwa 12 ilikuwa inakula lita 12 na nusu kwa siku. Kwa 9 inakula karibu lita 16.7. Zimepotea lita nne na ushee. Lita ikiwa shilingi 3,000, kila siku unaacha shilingi 12,500 hewani. Hata kama sensa halisi umeuziwa laki mbili, siku ya 16 ya kazi imeshajilipa. Na kuna hasara nyingine inayokuja nyuma yake: mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia ndani ya masega, masega yanapata joto kuliko uwezo wake, yanayeyuka na kuziba. Hapo gari linakosa nguvu mlimani na bei ya kulitengeneza haifanani tena na bei ya sensa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye ile hali ya tatu, ya shahidi anayesema kweli.

Kuna Noah ya mteja mmoja wa Ujiji. Taa ya cheki injini inawaka, mafuta yanakwisha upesi, mashine inasoma P0171. Kodi hiyo maana yake mchanganyiko una mafuta machache, na kompyuta imeshaongeza mpaka imechoka. Alikotoka walikuwa wamembadilishia sensa ya mbele, taa ikarudi, wakambadilishia tena. Sensa zote mbili zilizotolewa alikuja nazo kwenye mfuko wa rambo, na zote zilikuwa nzima. Tukaangalia marekebisho ya muda mrefu kwenye mashine, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza: asilimia 22 kwenda juu. Yaani kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta zaidi ya moja ya tano juu ya kipimo chake, kwa injini ambayo haikuwa na upungufu wowote. Asubuhi, gari likiwa baridi, ulikuwa unasikia tk, tk, tk upande wa ekzosi, na gari likipata moto sauti inapotea. Tulipofungua bati la kuzuia joto, gasketi ya manifoldi ilikuwa na mstari mweusi wa masizi usiozidi kidole.

Mtu anauliza, kama moshi unatoka nje, hewa inaingiaje? Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo panakuwa na mvuto, hewa ya nje inanyonywa ndani kupitia ule ufa. Sensa inakutana na oksijeni hiyo na inairipoti kama ilivyo. Kompyuta inaamini mafuta ni machache, inaongeza. Ukiweka sensa mpya, yenye pua kali zaidi, ndiyo kwanza itairipoti vizuri zaidi. Gasketi ilibadilishwa, marekebisho yakashuka hadi asilimia 3, na zile sensa za kwenye mfuko mteja anazo mpaka leo kama spea.

Plagi au koili iliyokufa inafanya mchezo uleule. Silinda moja isipowaka, oksijeni yake inatoka nzima nzima, sensa inaipiga kelele, kompyuta inaongeza mafuta kwa silinda zote. Mpira wa vakyumu uliopasuka naye ni ndugu yao.

Na thamostati! Hapa mafundi wenzangu mnisamehe, nitasema kwa ukali kidogo. Tuna tabia ya kuitoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, injini inataka kupoa. Injini haitaki kupoa. Inataka joto lake ililotengenezewa, nyuzi 80 na kitu, na kompyuta inajua hivyo. Usipoifikisha hapo, inaamini ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia injini baridi, na sensa ya oksijeni iwe mpya namna gani inaweza isipewe hata nafasi ya kusikilizwa. Gari linalotoka Mwandiga asubuhi, mteremko, sindano ya joto inakaa chini hadi mjini: usinunue sensa, rudisha thamostati. Ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu tulichokitaja leo. Na kama injini ilikuwa inachemka, tafuta kwa nini ilichemka, rejeta, feni, pampu ya maji, siyo kuibomoa.

Chujio la hewa nalitaja kwa kupita. Kwa magari ya nozeli, chujio chafu linapunguza nguvu, ila mafuta halibadilishi kwa kiasi cha kuonekana. Libadilishe kwa sababu nyingine.

Kupima sasa. Hapa ndipo tunaposhindwa wengi, na siyo kwa ukosefu wa mashine. Dereva wa Kigoma ananunua mafuta kwa fedha: weka ya elfu kumi, jioni weka ya elfu tano. Mwisho wa wiki hajui ameweka lita ngapi wala ametembea kilomita ngapi. Ukimbadilishia sensa leo, kesho anasema imesaidia, keshokutwa anasema haijasaidia, na zote mbili ni hisia. Fanya hivi. Nenda sheli moja, jaza hadi bomba lijikate lenyewe, usiongeze. Sifurisha kilomita za safari kwenye dashibodi. Tembea kazi yako ya kawaida, au nenda Kasulu na urudi siku hiyohiyo. Lazima urudi, maana kwenda kuna milima na kurudi kuna mteremko, ukipima upande mmoja unajidanganya. Rudi sheli ileile, bomba lilelile, jaza mpaka lijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha chochote, na ufanye tena baada yake, upepo wa matairi ukiwa uleule. Nawahakikishia nusu ya kesi za mafuta zingeishia hapo, kwa mtu kugundua gari lake linakula kawaida, ila bei ndiyo imepanda, au kuna kijana anayenyonya tenki usiku.

Kufunga sitachukua muda, mafundi mnajua. Spana ya 22 kwa zile za uzi, zingine za Toyota zina nati mbili. Fungua sensa ekzosi ikiwa na uvuguvugu, uzi ukate kutu kwanza kwa mafuta ya kulainishia. Sensa mpya mara nyingi inakuja na grisi yake ya uzi, usiongeze nyingine, na isiguse ncha. Kwenye soketi ya waya usipake grisi wala kupuliza dawa ya kusafishia, kwa sababu sensa nyingi zinapumulia kupitia waya: ile hewa ya ndani niliyoisema inaingilia humo. Kwa sababu hiyohiyo waya ukikatika usiulehemu, ubane kwa viungio. Ukimaliza, futa kodi, na umpe dereva siku chache kompyuta ijifunze upya kabla hajaanza kulalamika.

Mwenyekiti ananiambia maswali yameshafika. Nisome.

"Hiace yangu ni dizeli ya zamani, sensa yake iko wapi?" Mzee wangu, haina. Dizeli za pampu ya kawaida kama hiyo, na Land Cruiser zile za injini ya 1HZ, hazina sensa ya oksijeni. Aliyekuambia atakubadilishia muulize anaichomoa wapi. Hata wenye mitumbwi ya injini za kabureta pale Kibirizi, na bodaboda za kabureta, hili haliwahusu.

"Fundi amenishauri nitoe masega, gari litapunguza mafuta, na kuna mtu anayanunua." Huyo mtu anayanunua kwa sababu ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ushauri umetoka kwa mwenye faida. Masega yaliyoziba yanaongeza mafuta, kweli, hayo yashughulikiwe. Masega mazima ukiyatoa hupati nafuu ya maana, sensa ya nyuma inakosa cha kuangalia, inaleta P0420, kodi ya masega yasiyofanya kazi, kisha fundi huyohuyo anakuja kung'oa balbu ya taa ya cheki injini. Kuanzia hapo gari likiugua kweli hutajua. Mimi balbu iliyong'olewa naihesabu kuwa wizi.

"Sensa ya mtumba inafaa?" Inafaa kama imepita kwenye moto huu hapa mezani na hita yake ikasoma. Bila hivyo unanunua bahati nasibu. Na ile ya bei ya kutupa yenye boksi zuri, isiyo na namba yoyote mwilini, mimi ningechukua ya mtumba iliyopimwa.

"Mafuta ya kuchakachua yanaua sensa?" Mafuta ya taa ndani ya petroli yanaungua vibaya, plagi zinachafuka, silinda zinakosa moto, sensa inajaa masizi. Tangu EWURA ianze kuweka vinasaba, alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 mchezo huo umepata breki. Ukihisi hivyo, omba risiti na uripoti, usikimbilie dukani kununua sensa.

Maswali mengine tutajibizana pembeni. Mwenye sensa mfukoni ailete tuichome, gesi bado ipo. Wenye taa zinazowaka kwenye dashibodi wapange magari upande ule wa ukuta, mashine ipo na hatumtozi mtu fedha kwa kusoma kodi leo. Ila kila atakayekuja nitamuuliza kwanza: lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Asiyejua, sheli iko pale ng'ambo ya barabara, akajaze hadi lijikate, aandike, aje wiki ijayo.